Breki ya kuvuna nishati kwenye gokati ya mbio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu anayejenga mwenyewe, anayejua kushika spana na mita ya umeme. Hesabu zote zinatumia gokati (kigari kidogo cha mbio) moja ya mfano: kilo 170 pamoja na dereva, inafika mwisho wa njia iliyonyooka ikiwa na mwendo wa mita 25 kwa sekunde (kilomita 90 kwa saa), kisha inafunga breki hadi mita 12 kwa sekunde kabla ya kona. Yako ikiwa tofauti, badilisha namba tu.

Breki ya namna hii inafanyaje kazi?

Mota ya umeme inayosukuma ekseli inageuzwa kuwa jenereta. Ekseli inaizungusha mota, mota inazalisha umeme, na kule kuzalisha umeme kunaleta ukinzani unaopunguza mwendo. Umeme unapelekwa kwenye betri au kapasita, halafu unatumika kuondokea kona. Breki ya diski kazi yake ni kugeuza mwendo wote kuwa joto na kulitupa hewani.

Kuna nishati kiasi gani ya kuvuna?

Nusu ya uzito mara mwendo kipeo cha pili. Kwa mita 25 kwa sekunde, gokati yetu imebeba kilojouli 53. Kwa mita 12 imebaki na 12. Kwa hiyo kila ufungaji wa breki unatoa kilojouli 41, ambazo ni kama wati-saa 11 na kidogo. Kwa lugha ya betri hiyo ni nishati ndogo sana.

Lakini si zote zinafika kwenye ekseli. Upepo na matairi vinakula kama kilojouli 6 katika zile mita 40 za kufungia breki. Cheni, mota na kontrola (kifaa cha elektroniki kinachoongoza umeme wa mota) vikichukua chao, tuseme asilimia 20, ghalani zinaingia 28. Kuzitoa ni kupita njia ileile kwa kurudi, na hapo tena asilimia 20 inapotea. Mkononi unabaki na 22 hivi, zaidi kidogo ya nusu.

Usizidharau. Kilojouli 22 zikiongezwa kwenye gokati inayotoka kona kwa mita 12 kwa sekunde, ukiacha upepo pembeni, zinaifikisha mita 20 kwa sekunde kabla hujatumia tone la mafuta wala chaji mpya.

Kama nishati ni ndogo hivyo, ugumu uko wapi?

Uko kwenye muda. Gokati hii ikipunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde kila sekunde, ufungaji wote wa breki unaisha ndani ya sekunde 2.2. Gawanya kilojouli 41 kwa sekunde hizo upate kilowati 19 kwa wastani. Pale mwanzoni kabisa, mwendo ukiwa bado mkubwa, breki inakula kilowati 25. Kwa mfumo wa volti 50, kilowati 20 ni ampea 400, zinazohitaji nyaya nene kama kidole, kontrola ya bei mbaya, na betri inayokubali kumezeshwa umeme kwa pupa.

Karibu kila uamuzi utakaoufanya kwenye kazi hii unatokana na hilo. Wanaoanza huuliza "betri iwe na uwezo gani?" wakati swali lenyewe ni "betri inapokea ampea ngapi kwa sekunde mbili bila kuumia?"

Ushauri wangu: usijaribu kuvuna kila kitu. Weka kikomo cha kilowati 6 hivi na uiachie diski iliyobaki. Kilowati 6 kwa sekunde 2.2 ni kilojouli 13 zinazoingia, na 10 zinazorudi ekselini. Utatoka mita 12 hadi zaidi ya 16 kwa sekunde kwa vifaa vya kawaida, na hilo kwa mradi wa kwanza ni jambo zuri mno.

Gokati yangu ni ya petroli. Inalipa kuongeza mfumo huu?

Kwa muda wa mzunguko peke yake, kwa kawaida hapana. Mota, kontrola, betri, nyaya na mabano vikifika kilo 20, gokati ya kilo 170 inakuwa ya 190, na kwa injini ileile mchapuko unashuka kwa zaidi ya asilimia 10 kila mahali, hata pale ambapo hakuna cha kuvuna. Faida ya kutokea kona inaliwa na uzito huo, na uzito wenyewe unakaa nyuma au pembeni, kwenye fremu iliyoundwa kupinda kwa mpangilio maalumu.

Ukiwa mradi wa kujifunza, endelea kwa moyo mkunjufu. Kwa gokati ya umeme habari ni tofauti kabisa: mota ipo, kontrola ipo, betri ipo. Mara nyingi kilichobaki ni mipangilio ya programu, sensa ya pedali na kuimarisha cheni.

Naweza kutumia oltaneta ya gari?

Itawaka taa, basi. Oltaneta ya volti 14 na ampea 100 inatoa kilowati 1.4. Kwa sekunde 2.2 hizo ni kilojouli 3 kati ya 41, nayo ina uzito wa kilo kadhaa na inapoteza sehemu kubwa ya kazi kama joto. Tena oltaneta haiwezi kugeuka kuwa mota bila kufumuliwa, kwa hiyo ungehitaji mota nyingine ya kurudisha hiyo nishati.

Betri au supakapasita?

Hapa inategemea unajenga nini, na nitakaa kidogo.

Betri ya lithiamu inahifadhi nishati nyingi kwa kila kilo, ila haipendi kupokea haraka. Chukua pakiti ya seli 14 mfululizo, ampea-saa 50, yaani volti 52 za kawaida na 58.8 ikijaa. Kilowati 6 kwake ni kama ampea 110, zaidi kidogo ya mara mbili ya uwezo wake kwa saa. Seli nyingi za kutoa nguvu kubwa zinavumilia hilo kwa sekunde mbili. Kilowati 20 ni ampea 360 na ushee, mara saba ya uwezo wake, na hapo unaziua seli taratibu hata kama hazipati moto. Soma karatasi ya mtengenezaji wa seli na utafute kikomo cha *kuchaji*. Kikomo cha kutoa umeme ndicho kinachoandikwa kwa herufi kubwa, na mara nyingi cha kuchaji ni sehemu ndogo tu ya hicho. Tena usichaji lithiamu ikiwa chini ya nyuzi sifuri: metali ya lithiamu inaganda juu ya elektrodi na seli haiponi tena.

Supakapasita, yaani kapasita yenye uwezo mkubwa sana, ni kinyume chake. Inameza na kutapika ampea mamia bila shida, kwa mamia ya maelfu ya mizunguko, lakini inahifadhi kidogo. Seli 18 za volti 2.7 na faradi 650 zikiunganishwa mfululizo zinafanya benki ya volti 48.6 na faradi 36. Ikijaa ina kilojouli 42. Ukiitumia mpaka volti ishuke nusu umechukua robo tatu yake, kilojouli 32, ambazo zinatosha zile 28 tulizozihesabu kwa ufungaji mmoja wa breki. Uzito wa seli zenyewe hauzidi kilo 3 na ushee.

Kasoro yake ni hiyo volti inayopanda na kushuka. Kilowati 6 kwa volti 48 ni ampea 125, kwa volti 24 ni 250. Kontrola yako lazima ikubali upana huo wa volti, la sivyo uweke kigeuzi cha volti katikati, ambacho nacho kina bei, uzito na hasara yake. Seli pia zinahitaji mizani ya volti, maana ile inayojaa kabla ya wenzake ndiyo inayokufa kwanza.

Kwa gokati ya petroli yenye msaada wa umeme, supakapasita ndiyo chaguo langu: unavuna kona hii, unamaliza kabla ya kona ijayo. Kwa gokati ya umeme, baki na betri uliyonayo na uweke kikomo. Kuunganisha vyote viwili kunavutia kwenye karatasi kuliko kwenye fremu.

Na flaiwili?

Flaiwili ni gurudumu zito linalohifadhi nishati kwa kuzunguka kasi. Inawezekana. Timu ya Williams ya Formula 1 waliikuza kwa ajili ya magari ya mbio, na Audi R18 e-tron quattro iliyoshinda Le Mans mwaka 2012 ilitumia hifadhi ya aina hiyo. Kwa karakana ya kawaida siishauri. Diski ya kilo 5 yenye nusukipenyo cha sentimita 10 inahitaji kuzunguka karibu mara 17,000 kwa dakika ili ibebe kilojouli 40. Ukingo wake unakwenda mita 179 kwa sekunde, sentimita chache kutoka kiunoni kwa dereva. Ikipasuka, hakuna bati utakalochomelea litakaloizuia.

Mota ya aina gani inafaa?

Ya sumaku za kudumu isiyo na kaboni, pamoja na kontrola inayoruhusu umeme kurudi. Kagua hilo la pili kabla ya kununua, maana kontrola nyingi za bei nafuu zinasukuma tu. Mota ya kaboni yenye sumaku za kudumu nayo inavuna, ikiwa kontrola yake inaruhusu. Zile za kaboni ambazo koili ya uga wa sumaku imeungwa mfululizo na rota ni usumbufu, ziache.

Kuhusu ukubwa: kushusha mwendo kwa mita 6 kwa sekunde kila sekunde kunahitaji kani ya nyutoni 1,020. Tairi la nyuma lina nusukipenyo cha sentimita 14 hivi, kwa hiyo ekseli inadai torki ya nyutoni-mita 143. Kwa spoketi za uwiano wa 3 kwa 1, mota inabeba 48 na inazunguka kama mara 5,100 kwa dakika mwanzoni mwa breki. Hizo ni namba za kuvuna kila kitu. Kwa kikomo cha kilowati 6 mota inahitaji nyutoni-mita 11 tu kwenye mwendo huo wa juu, na mwendo ukishuka torki inapanda ili nguvu ibaki ileile.

Mwendo ukipungua, volti ya mota inakuwa chini ya ya betri. Umeme unapandaje?

Kontrola ndiyo inayoupandisha. Inafunga saketi ya koili za mota kwa muda mfupi sana, mkondo unajijenga, kisha inaifungua na koili zinausukuma mkondo huo kwenye betri kwa volti ya juu zaidi. Inarudia hivyo maelfu ya mara kwa sekunde. Ndiyo maana unaweza kuvuna mpaka mwendo mdogo, ingawa chini ya kilomita 10 kwa saa hivi kinachopatikana hakifiki hata kulipia hasara ya koili. Zima uvunaji hapo. Na gokati ikiwa imesimama, usitegemee breki hii kuishikilia kwenye mteremko.

Cheni yangu inaruka meno nikifunga breki. Kwa nini?

Kwa sababu kani imegeuka upande. Mota inaposukuma, upande mmoja wa cheni unakazika na mwingine unalegea. Inapovuna, uliokuwa umelegea ndio unaokazika. Ukiwa umeweka kikaza-cheni cha springi kwenye upande uliolegea, breki inakisukuma kando, cheni inapata ulegevu wa ghafla upande wa pili na kuruka. Toa springi kabisa. Kaza cheni kwa kusogeza mota kwenye bamba lake, funga boliti, na hakiki ulegevu ekseli ikiwa kwenye sehemu yake ngumu zaidi, kwani spoketi nyingi hazikai duara kamili.

Angalia pia kii ya spoketi kwenye ekseli, kile kipande cha chuma kinachoizuia spoketi isizunguke peke yake. Kii iliyolegea inaivumilia kani ya upande mmoja kwa msimu mzima. Kani inayogeuka kila kona inaitwanga mbele na nyuma mpaka njia yake inapanuka, na utaijua kwa mlio wa "tak" kila unapoachia pedali. Mkanda wenye meno ni mtulivu zaidi kwa kazi hii, ila unataka mpangilio ulionyooka sawasawa.

Na klachi ya kujifungua yenyewe, ile inayoshika mizunguko ikipanda? Haifai. Mwendo ukishuka inaachia, na mota inabaki inaning'inia bila kazi. Friwili ya aina yoyote nayo ni hivyohivyo. Mota ya kuvuna lazima ishikamane na ekseli muda wote.

Naweza kuondoa breki ya diski nipunguze uzito?

Hapana. Cheni ikikatika, fyuzi ikiungua, betri ikijaa au kontrola ikijizima, breki ya umeme inatoweka papo hapo. Diski, kalipa na padi zibaki na uwezo kamili wa kuisimamisha gokati peke yao, kana kwamba mota haipo.

Niiweke kwenye pedali ipi?

Kuna wanaopenda ianze pale mguu wa kulia unapoachia mafuta. Ni rahisi kufunga, lakini dereva anapoteza uwezo wa kuachia gokati iserereke, na kwenye kona ndefu anajikuta akifunga breki bila kukusudia. Mimi naichagua pedali ya kushoto: safari ya kwanza ya pedali, milimita 10 hivi, inasoma sensa tu na kuongeza uvunaji taratibu. Baada ya hapo fimbo inaanza kusukuma mafuta ya breki. Weka sensa mbili zinazopingana, moja ikipanda nyingine ishuke, na kontrola ikiona hazikubaliani izime uvunaji.

Torki ya breki isiruke. Ipande kwa sehemu ya kumi hadi mbili za kumi za sekunde. Kushuka kwake ndiko kuwe kwa haraka iwezekanavyo.

Nikifunga breki mkia unatoka nje. Nifanyeje?

Gokati nyingi zina breki nyuma tu, kwenye ekseli moja ngumu isiyo na difrenshiali. Unapofunga breki, uzito unahamia mbele: kwa gokati yetu, kama kilo 25 zinaondoka nyuma wakati ambapo nyuma ndiko kunakofanya kazi yote. Mota nayo inavuta ekseli ileile. Mguu wako unaongeza diski juu ya torki usiyoihisi, ekseli inagoma kuzunguka, na matairi mawili ya nyuma yanateleza kwa pamoja.

Kwanza, punguza torki ya uvunaji mpaka ikifanya kazi peke yake isiweze kugomesha ekseli hata kwenye lami yenye vumbi. Pili, weka sensa ya mwendo kwenye gurudumu la mbele na nyingine kwenye ekseli. Ekseli ikizunguka polepole kuliko gurudumu la mbele kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, kontrola ikate torki. Mota inaweza kuachia na kushika tena haraka kuliko kalipa yoyote, na kwa kweli hii ndiyo faida ya mfumo huu isiyosemwa sana. Tatu, usivune gokati ikiwa imeshageuka ndani ya kona. Gurudumu la nyuma la ndani linanyanyuka hapo kwa makusudi, na lililobaki chini lina kazi ya kutosha.

Betri ikijaa inakuwaje?

Hili linaharibu kontrola nyingi. Tuseme umechaji seli 14 hadi volti 57.4, ukidhani umeacha nafasi. Ukinzani wa ndani wa pakiti ni miliomu 20. Ampea 110 zinapoingia, volti inapanda 2.2 juu ya ile ya kupumzika na kufika 59.6, juu ya kikomo cha 58.8. Mfumo wa kusimamia betri unaona hatari na kukata saketi. Sasa mota inazalisha kilowati 6 ambazo hazina pa kwenda isipokuwa kapasita ndogo za kontrola. Volti inaruka ndani ya milisekunde chache na transista zinapasuka.

Kwa hiyo anza mbio na seli zikiwa volti 4.0 kila moja, yaani 56 kwa pakiti. Hapo ukivuna unafika 58.2 na hukatiwi. Muhimu zaidi, mfumo wa kusimamia betri uwe na waya wa ishara kwenda kwenye kontrola: kwanza uvunaji uzimwe, kontakta (swichi kubwa inayokata umeme wa betri) ifunguke baadaye. Swichi ya dharura ifuate mpangilio huohuo. Kuhusu mota inayoendeshwa kupita mwendo wake wa asili kwa kudhoofisha uga wa sumaku, kontrola ikizimika kule juu, mota yenyewe inatoa volti kuliko betri na hakuna wa kuizuia. Chagua uwiano wa spoketi utakaokufanya usifike huko.

Hatari za umeme ni zipi?

Jitahidi kubaki chini ya volti 60 za mkondo mnyoofu. Juu ya hapo sheria na vifaa vinabadilika, na mwili hauvumilii. Timu kubwa nazo zilijifunza: Julai 2008, wakati Formula 1 ikijiandaa kwa mfumo wa KERS (wa kuvuna nishati ya breki) wa mwaka 2009 (kilowati 60, kilojouli 400 kwa mzunguko), fundi wa BMW Sauber alipigwa shoti kwenye majaribio ya Jerez, Hispania, alipoligusa gari.

Lakini volti ndogo haimaanishi usalama. Benki ya supakapasita ya volti 48 ikiguswa na spana inaiyeyusha. Vua pete na saa, tumia spana zilizofunikwa, weka fyuzi ya mkondo mnyoofu karibu kabisa na betri, na rezista ya kumaliza chaji ya kapasita gokati ikizimwa. Usiamini kuwa imeisha mpaka mita ikuambie.

Majaribio yaanzeje?

Gokati ikiwa juu ya stendi, magurudumu yakiwa hewani, na kikomo cha ampea 10. Hakikisha kwanza mwelekeo: kosa la waya mmoja linaweza kufanya pedali ya breki isukume mbele. Kisha uwanja mtupu, mstari mnyoofu, mwendo mdogo, ukipandisha ampea hatua kwa hatua huku ukipima joto la mota na la seli.

Kwa vipimo, rekodi volti na ampea za betri angalau mara 50 kwa sekunde, zidisha, jumlisha, upate jouli za kuingia na kutoka. Asilimia ya uvunaji inayoonyeshwa kwenye skrini ya kontrola mara nyingi ni ya torki iliyoagizwa, haisemi lolote kuhusu nishati iliyofika. Linganisha mizunguko yenye uvunaji na isiyo nao siku ileile, matairi yaleyale.

Nikinunua vifaa vyote, nitaruhusiwa kushindana?

Soma kanuni za kiufundi za daraja lako kabla ya kutoboa tundu la kwanza. Madaraja ya injini ya petroli kwa kawaida hayaruhusu chanzo kingine cha nguvu kwenye ekseli. Madaraja ya umeme yana vikomo vyake vya volti, betri na programu, na mara nyingine mipangilio ya kontrola inafungwa na waandaaji.

Kwenye mvua?

Punguza torki ya uvunaji kwa nusu au zaidi, na uwe na swichi ya kuizima kabisa kwenye usukani. Maji yakiingia kwenye sensa ya pedali, uvunaji ujizime wenyewe. Lijaribu hilo kwa kuchomoa plagi ya sensa gokati ikiwa stendini, kabla mawingu hayajafika.